Mwezi wa ngoma, filamu na mihadhara kwenye kituo cha utamaduni wa Kihindi: mwongozo kamili wa kuupanga

Anayekabidhiwa ratiba ya kituo cha utamaduni kwa mara ya kwanza hukimbilia simu kutafuta wasanii. Nami nilikimbilia. Mwezi wangu wa kwanza ulikuwa na mcheza Bharatanatyam, filamu ya mapenzi, mhadhara wa yoga na picha za mahekalu ukutani. Kila kimoja kilikuwa kizuri peke yake. Lakini kila jioni walikuja watu wapya, wachache, wakanywa chai, wakapiga picha, wakaenda zao. Hakuna aliyerudi.

Dawa niliikuta Delhi nilipokwenda kusoma. Karibu na bustani za Lodi kuna India International Centre, jengo lililochorwa na Joseph Allen Stein na kufunguliwa mwaka 1962. Ukumbi wake mkubwa unaitwa kwa jina la C. D. Deshmukh, waziri wa fedha wa zamani aliyekuwa rais wa kwanza wa kituo. Jioni nyingi unaingia bila kiingilio, unakaa nyuma, unasikiliza. Kilichonishangaza ni kuwakuta wazee walewale siku baada ya siku: Jumatatu kwenye mhadhara, Jumatano kwenye filamu, Ijumaa kwenye muziki, wakiendeleza ubishi waliouacha mlangoni juzi yake. Walikuwa wanafuata mazungumzo, na kituo kilikuwa kimeyapangia mahali pa kuendelea.

Haya ninayoandika ni kwa yeyote anayepanga ratiba ya kituo cha Kihindi huku kwetu, awe mwajiriwa, mjumbe wa kamati ya jumuiya, au mwanafunzi aliyejitolea akajikuta anabeba kila kitu.

Kwanza: uzi, msanii baadaye

Chagua mada moja ya mwezi, kisha ifungie jioni tatu: filamu, mhadhara, na onyesho jukwaani. Mada iwe nyembamba. "Uhusiano wa India na Afrika" si mada, ni hotuba ya mgeni rasmi.

Mfano ninaoupenda ni Wasidi. Katika Gujarat na Karnataka wapo Wahindi wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao walivuka bahari katika karne nyingi, wengine wakiwa mabaharia na askari, wengi wakiwa watumwa. Wale wa Gujarat hucheza ngoma yao, nao huiita goma. Neno hilo mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa. Huicheza kwenye kaburi linalozuriwa la Bava Gor huko Ratanpur, walii anayehusishwa na biashara ya akiki. Wana upinde wa muziki uitwao malunga, na ngoma ndefu yenye miguu iitwayo mugarman.

Hapo jioni tatu zinajipanga zenyewe. Ya kwanza, filamu ya hali halisi kuhusu Wasidi wa leo. Ya pili, mhadhara juu ya Malik Ambar, Mhabeshi aliyezaliwa mwaka 1548 hivi, akauzwa utumwani, akapitishwa Baghdad, akaishia Dekani, nyanda za juu za kusini mwa India, akiwa ndiye mwenye kuishika dola ya Ahmadnagar na kuwazuia Wamughal, watawala wa kaskazini, kwa miaka mingi. Mwaka 1610 aliuanzisha mji wa Khadki, ulioitwa Aurangabad baadaye, na alifariki 1626. Ya tatu, ngoma: kama huwezi kuwaleta Wasidi wenyewe, na mara nyingi hutaweza, chukua wapigaji wa hapa na mpiga tabla mmoja, yaani ile jozi ya ngoma ndogo za Kihindi, uwaombe waanze na mdundo mmoja, kila upande uupige kwa namna yake. Kwenye korido tundika picha za dirisha la mawe la msikiti wa Sidi Saiyyed, Ahmedabad, uliojengwa 1573, karibu na picha za milango ya Kigujarati ya Mji Mkongwe. Usiandike maelezo marefu. Watu watasimama wenyewe walinganishe.

Nyuzi nyingine ziko tele. Juma Bhalo wa Mombasa alivuma kwa mashairi ya Kiswahili aliyoyaimba kwa lahani za filamu za Kihindi. Hapo una mwezi mzima wa taarabu, tabla na kinanda. Au maneno: pesa, gari, bima, laki na chapati tuliyachukua kwao moja kwa moja, ilhali dunia, wakati, kitabu na safari sisi na wao tuliyapokea kutoka Kiarabu, kila mmoja kwa njia yake. Onyesha filamu yoyote ya Kihindi, uwaambie watazamaji wahesabu maneno wanayoyajua bila kusoma tafsiri. Nimeona ukumbi ukinong'ona kila mara neno likipita.

Kuhusu mpangilio wa jioni hizo: wengi hutanguliza mhadhara, kana kwamba watu wanapaswa kufundishwa kwanza. Mimi natanguliza filamu. Filamu inajaza viti na kuacha maswali, na mhadhara wa kesho yake unapata watu waliokuja na maswali tayari. Ngoma huwa ya mwisho, maana baada ya ngoma hakuna mtu anayetaka kusikiliza mhadhara.

Kalenda

Chukua kalenda ya ukutani na kalamu ya rangi. Futa kwanza siku zisizowezekana: Ramadhani jioni, Wiki Kuu ya Wakristo, na siku tisa za Navaratri, sikukuu ya Kihindu, kwa sababu wakati huo Wagujarati wote, na wacheza ngoma wako wote, wako kwenye garba, ngoma yao ya kuzunguka duara, mpaka usiku wa manane. Diwali ni siku ya watu kuwa nyumbani kwao. Kwa Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi Mei usithubutu kuweka filamu ya uwanjani. Masika haijui kadi za mwaliko.

Siku za kitaifa, yaani 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba, kuzaliwa kwa Gandhi, pamoja na 21 Juni ya yoga, zina hotuba na itifaki zake. Ziache zilivyo. Ukiingiza muziki mzito kati ya hotuba ya tatu na keki, umemvunjia heshima mwanamuziki. Siku ya Kihindi duniani, 10 Januari, ina nafasi zaidi, na ndiyo ninayoitumia kwa mada ya maneno.

Ukitegemea vikundi vinavyotumwa na ICCR, baraza la serikali ya India lililoanzishwa 1950 na Maulana Abul Kalam Azad kwa ajili ya mahusiano ya kiutamaduni, elewa kwamba tarehe ni yao. Acha wiki moja wazi katika kila robo mwaka ili taarifa ikija ghafla usilazimike kuvunja kitu kingine.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Miezi mitatu kabla, uzi na msemaji. Wiki nane kabla, vibali na haki za filamu. Wiki nne kabla, bango. Wiki mbili kabla, jaribio la filamu. Wiki moja kabla, piga simu kwa kila mtu, hata aliyekujibu "sawa" kwenye WhatsApp. Huyo hasa.

Vibali na haki

Sehemu hii haina raha, basi niimalize haraka. Tanzania, filamu ya kuonyeshwa hadharani inapitia Bodi ya Filamu, na msanii wa kutoka nje anahitaji kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na cha Uhamiaji. Kenya, uainishaji wa filamu uko kwa KFCB, bodi ya serikali ya kazi hiyo. Kutotoza kiingilio hakukuondolei wajibu huo, wala hakukupi haki ya kuonyesha.

Haki ya kuonyesha ni jambo tofauti na kumiliki diski. Mwandikie mwenye filamu au msambazaji wake barua ya ukurasa mmoja: jina la filamu, tarehe, idadi ya viti, kiingilio au hakuna, na itaonyeshwa mara ngapi. Kwa sheria ya India haki ya filamu hudumu miaka 60, ikihesabiwa kuanzia mwaka unaofuata ule iliotoka. Watu husikia hivyo wakadhani kila filamu ya zamani ni shamba la bibi. Nakala iliyosafishwa upya na tafsiri yake huenda zina mwenyewe, na sheria ya nchi unayoonyeshea ina hesabu zake. Uliza. Mara nyingi jibu huwa ndiyo, na wakati mwingine ni bure kwa kituo kisichofanya biashara.

Filamu

Babu zetu waliijaza sinema kwa ajili ya mwigizaji Raj Kapoor. *Awaara* ya 1951 ilipendwa Zanzibar na Dar es Salaam na watu wasiojua Kihindi hata neno. Kwa hiyo usiwaonee huruma watazamaji kwa kuwapa vipande. Wape filamu nzima, ila upige hesabu ya saa. *Lagaan* ina dakika 224. Ukiongeza dakika ishirini za mapumziko, ukianza saa kumi jioni unawatoa watu saa mbili na dakika nne usiku. Ukianza saa kumi na mbili na nusu, unawatoa saa nne na nusu hivi, na nusu yao watakuwa wameshaondoka kuwahi daladala. Filamu ndefu iwekwe Jumamosi alasiri. Filamu nyingi za Kihindi zina mahali pake pa mapumziko palipoandikwa kwenye picha. Simamisha hapohapo, si pale chai ilipochemka.

Siku ya jaribio, tazama dakika kumi za mwanzo, dakika kumi baada ya mapumziko na dakika kumi za mwisho, kwenye projekta ileile na spika zilezile. Nakueleza kwa uchungu. Jioni moja tulionyesha filamu ya zamani, ambayo picha yake ni karibu ya mraba, uwiano wa 4 kwa 3. Fundi tuliyemkodi aliivuta ijae skrini pana. Dakika ishirini nzima tulitazama watu wafupi wenye mashavu ya kuvimba, magurudumu ya mkokoteni yakiwa mayai. Mimi nilikuwa nje nikimpokea mgeni. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa safu ya pili aliyeinuka akasema, "Mwanangu, huyu bibi hakuwa mnene hivi." Tangu hapo naandika kwenye karatasi inayobandikwa juu ya projekta: *picha nyembamba ibaki nyembamba, pembeni pawe peusi.*

Tafsiri ya chini ya picha ifanyeni wenyewe kwa Kiswahili kama mwenye haki ameruhusu. Faili lake ni maandishi tu yenye saa ya kuingia na kutoka, unaweza kuliandika kwenye kompyuta yoyote. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi arobaini hivi. Kiswahili hutumia neno moja refu mahali pa matatu mafupi, kwa hiyo kata bila huruma: "nisingeweza kukuambia" mara nyingi inatosha kuwa "sikuweza". Nyimbo usizitafsiri neno kwa neno. Mstari mmoja wa maana kwa kila ubeti unatosha. Watu waache wasikilize.

Kabla ya filamu, zungumza dakika tatu. Tatu. Usisimulie hadithi yake.

Mhadhara

Msemaji apewe dakika 35, maswali 25. Mwambie hivyo kwa maandishi, na siku yenyewe mwonyeshe mtu wa safu ya mbele atakayeinua karatasi ya njano zikibaki tano. Wasemaji wazuri hushukuru. Wanaokasirika ndio hasa karatasi ilitengenezwa kwa ajili yao.

Kichwa cha mhadhara ndicho kinacholeta watu. "Nafasi ya Wahabeshi katika historia ya Dekani" italeta maprofesa wanne. "Mtumwa aliyejenga mji" italeta na mabinti wa chuo. Kama msemaji anatumia Kiingereza, weka mwenyekiti anayeweza kufupisha kwa Kiswahili kila baada ya dakika kumi, bila kuhutubia. Picha zake azilete kwenye flashi jana yake. Na maswali yaandikwe kwenye vikaratasi vinavyokusanywa: hapo wanawake na vijana ndipo wanapouliza, na yule bwana wa kila mkutano mwenye "si swali ila ni maoni" anakosa maiki.

Jukwaa

Hapa ndipo kituo kinapojulikana kama kina mwenyewe.

Anza na sakafu. Bharatanatyam ya Tamil Nadu, Kathak ya kaskazini na Odissi ya Odisha huchezwa miguu mitupu, na mguu hupigwa chini kwa nguvu. Vigae juu ya zege vinaumiza magoti na visigino. Tafuta mbao zenye nafasi ya hewa chini yake, na asubuhi ya onyesho upite wewe mwenyewe, viatu umevua, ukipapasa kwa nyayo: misumari, pini za tangazo la juzi, nta ya mishumaa. Zulia usiliweke; linaua mlio na kumtelezesha mchezaji. Njuga za Kathak huweza kufika mia na zaidi kwa kila mguu, na mlio wake ni sehemu ya muziki, kwa hiyo weka maiki moja ya chini ukingoni mwa jukwaa.

Wanamuziki hukaa chini. Bila kichanja, safu ya tatu kurudi nyuma itaona nywele za waliokaa mbele tu. Kichanja cha urefu wa goti, godoro jembamba, shuka jeupe lililopigwa pasi. Hakuna anayepanda na viatu, hata fundi wa sauti, hata mheshimiwa anayepeleka shada la maua. Mwambie mapema ili asiaibike.

Na sasa hewa. Tabla ni ngozi, na ngozi husikia hali ya hewa kuliko sisi. Kwenye unyevunyevu wa pwani hulegea na sauti hushuka. Kwenye baridi kavu ya kiyoyozi hukaza na sauti hupanda. Nilikuwa sijui. Nilizima viyoyozi wakati wa kufanya sauti, yaani kupima maiki na spika, ili kuokoa umeme, nikaviwasha watu walipoanza kuingia. Mpiga tabla alikuwa ameshaifikisha ngoma yake ya kulia kwenye Sa ya mwimbaji, yaani sauti ya msingi. Dakika kumi ndani ya onyesho, nikamwona anaweka mkono kwenye nyundo yake ndogo, anagonga vigingi vya mbao kimoja baada ya kingine, ko, ko, ko, anainamisha sikio, anagonga tena. Mwimbaji akasubiri, tanpura, ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ya msingi, ikilia peke yake. Akapatanisha, wakaanza, baada ya muda ikapanda tena. Hakusema neno. Aliposhuka alinishika bega, akaniita mwanangu kwa Kihindi, akaniambia: "Beta, chagua joto au baridi. Vyote viwili, hapana." Basi: washa kiyoyozi saa mbili kabla, kiache hapohapo mpaka mwisho, na upepo wake usielekee jukwaani. Kama jenereta huchukua muda kushika umeme ukikatika, wajulishe wasanii ili wasishtuke.

Kwenye kufanya sauti, tanpura kwanza, kisha mwimbaji, kisha tabla yenye maiki mbili, moja kwa kila ngoma. Mwangwi wa bandia uwe mdogo. Fundi aliyezoea harusi atataka kuuongeza, mzuie kwa upole.

Usimwagize mwanamuziki wa kaskazini mwa India raga, yaani mpangilio wa sauti anaoujengea muziki wake, kama unavyomwagiza dijei. Raga zina saa zake: Yaman ni ya baada ya jua kuzama, Bhairav ya alfajiri. Bhairavi ni ya asubuhi, lakini kwa mazoea ndiyo hufungia onyesho, na anayejua akiisikia huanza kutafuta viatu vyake. Waambie wasikilizaji jambo moja tu kabla ya kuanza: sehemu ya mwanzo haina mdundo na inakwenda taratibu, wasidhani wanamuziki bado wanajiandaa. Ukisahau kusema hivyo, watapiga makofi katikati.

Chumba cha wasanii: kioo kikubwa, pasi, pini za ziada, maji ya uvuguvugu yasiyo na barafu, mlango unaofungika. Mchezaji wa Kathakali, maigizo ya ngoma ya Kerala, huhitaji saa kadhaa za kupakwa rangi usoni, kwa hiyo mfungulie chumba tangu mchana. Kama kuna taa ya mafuta ya kufungulia shughuli, iwe mbali na pazia, na ndoo ya mchanga nyuma yake.

Halafu suala la bahasha. Nimeona msanii wa nje akilazwa hoteli nzuri huku mpiga ngoma wa hapa, aliyecheza naye jukwaa moja, akipewa soda na nauli ya bajaji. Malipo yakipangwa hivyo, uzi wote uliousuka unakatika nyuma ya pazia. Andika kiasi cha kila mtu kwenye bajeti tangu mwanzo, na umlipe usiku uleule.

Bango na chai

Kwenye bango andika saa kwa namna mbili. "Saa 12:30 jioni" Mhindi mgeni ataisoma adhuhuri, na nimewahi kumpokea bwana na familia yake yote wakiwa getini mchana wa jua kali, watoto wamevaa vizuri. Andika: *saa kumi na mbili na nusu jioni, 18:30.* Angalia pia adhana ya Magharibi inaangukia wapi. Nikianza baada yake, ukumbi unatulia mapema.

Chai ya maziwa, bajia, kachori. Sambusa za nyama zikiwepo, ziwe meza nyingine, na koleo lake. Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini ya India, hawali vitunguu, vitunguu saumu wala viazi, basi weka sahani moja ya chevda, mchanganyiko mkavu wa kutafuna, isiyo na hivyo vyote, na kikaratasi mbele yake. Gharama yake ni ndogo, na hawasahau.

Usiku wenyewe na kesho yake

Anza kwa wakati. Mgeni rasmi akichelewa, atakuta mambo yanaendelea na kiti chake kipo wazi pembeni, karibu na njia. Hesabu watu mara mbili, mwanzo na baada ya mapumziko. Hesabu ya pili ndiyo ya kweli. Kurekodi kuwe kwa ruhusa ya maandishi ya msanii, si ya kutikisa kichwa.

Weka daftari mlangoni lenye safu tatu: jina, simu, na "umekuja mara ya ngapi". Mwisho wa mwezi tazama safu ya tatu kabla ya kuangalia jumla. Asubuhi yake, kabla ya kuandika ripoti, mpitie mlinzi wa getini umuulize watu walisimama hapo muda gani kabla ya kuondoka, na walikuwa wanabishana nini.